Tarehe ya Kuchipua: Somo la Miche Kutoka Misitu ya Tabora



Likitajwa jina la Ng'ambo, mtu wa Unguja hukumbuka mara moja upande wa pili wa mji, mkabala na Mji Mkongwe. Lakini iko Ng'ambo nyingine, mbali na bahari, katika mji wa Tabora. Ni mtaa mmoja wa mji ule ambao wazee wa pwani waliuita Unyanyembe, na ambao kwa miaka mingi ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Leo twawaalika twende pamoja hadi huko, si kwa ajili ya kusimulia habari za misafara, bali kwa kuitazama miti. Maana miti ya Tabora inajua jambo moja ambalo mikarafuu yetu hailijui, na sisi wenye mikarafuu yatupasa tulijue kwa niaba yake.

Swali letu ni hili. Nani kati yetu hakupata kuona miche miwili iliyotoka katika kitalu kimoja, yenye umri mmoja na kimo kimoja, ikapandwa shamba moja. Mmoja ukashika na mwingine ukakauka? Tukiulizwa sababu, twalaumu udongo, twalaumu mchwa, twalaumu mkono wa aliyepanda. Pengine lawama hizo ni za haki. Lakini mara nyingi mwenye kosa ni tarehe. Mche uliokufa ulikutwa na siku mbaya wakati majani yake ni mateke na mizizi yake bado haijafika mbali. Mche uliopona ulikutwa na siku ile ile mbaya, lakini ulikuwa umekwisha kujiweka tayari.

Hilo ndilo neno letu la leo: mche hauuawi na ukali wa majira peke yake, bali na ukali ule kuukuta kabla haujawa tayari.

Jalidi ya nchi za baridi

Tuanze mbali, ili jambo lenyewe lionekane wazi. Katika nchi za Ulaya miti mingi hupukutisha majani yake kabla ya majira ya baridi, ikalala. Vichipukizi vya mwaka unaofuata vimo ndani ya magamba madogo magumu, vimefungwa. Vikiwa vimefungwa hivyo, baridi kali haividhuru. Mti hukaa ukihesabu: kwanza siku za baridi zilizopita, kisha siku za joto zinazokuja. Hesabu ikitimia, magamba hufunguka na majani mapya hutoka. Hayo ndiyo majira ya kuchipua.

Hatari iko hapo. Kichipukizi kikisha kufunguka hakirudi nyuma. Siku kumi za joto la kudanganya zikija mapema, mti huchipua. Kisha usiku mmoja mtulivu, usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake, na asubuhi majani huwa meupe kwa jalidi, ambayo wengine huiita sakitu. Maji yaliyo katika jani teke huganda, nyama ya jani huharibika, na jua likipanda jani hugeuka jeusi kama lililopitiwa na moto. Mwezi Aprili 2021 jambo hilo liliwapata wakulima wa mizabibu wa Ufaransa: joto la mwishoni mwa Machi liliamsha mizabibu, na jalidi ya Aprili ikaichoma.

Mti mkubwa ukichomwa hivyo huhuzunika mwaka mmoja, kisha hutoa majani mengine kwa akiba iliyo katika shina na mizizi. Mche hauna akiba hiyo. Tena mche uko chini, na usiku wa jalidi hewa baridi kuliko zote ni ile iliyolala juu ya ardhi, kwani hewa baridi ni nzito, hutiririka kama maji na kukusanyika mabondeni. Ndiyo maana jalidi ile ile humwacha baba na kumwua mtoto. Na ndiyo maana mche ulioota chini ya kivuli cha miti mikubwa hupona zaidi kuliko ulio uwanjani: matawi ya juu huizuia ardhi isipoteze joto lote usiku.

Wenye misitu wa huko wamejifunza pia kwamba kila mbegu ina hesabu yake ya nyumbani. Uko mti wa Siberia uitwao lachi, uliozoea nchi ambayo joto likija limekuja kweli. Mti huo ukipandwa Uingereza, ambako joto huja na kurudi, huchipua mapema mno ukaunguzwa na jalidi. Si kwamba mti ni dhaifu. Huko kwao huvumilia baridi ambayo Uingereza haijapata kuiona. Hesabu yake tu haiafikiani na mahali.

Na sisi hatuhitaji kuvuka bahari mbili kuiona jalidi. Katika Nyanda za Juu za Kusini, sehemu za Makete na Njombe, usiku wa miezi ya Juni hadi Agosti huleta jalidi inayochoma mimea mabondeni. Mwanzoni mwa mwaka 2012 jalidi ilichoma chai katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya. Mpanda miti wa nchi kama hizo huona faida kupanda mara tu mvua zinaposhika, ili mche upate miezi ya kutosha ya kukomaa kabla ya usiku wa baridi. Anayechelewa humpelekea Juni mtoto mchanga.

Kiangazi cha Tabora

Tabora haina jalidi ya namna hiyo. Mji uko kwenye uwanda wa kiasi cha mita 1200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kipupwe huwa wa baridi, lakini si baridi ya kugandisha. Adui wa mche huko ni mwingine: ni kiangazi.

Sisi visiwani tumezoea mwaka wenye mvua mbili. Masika yakipita, twapata manyunyu ya mchoo, kisha vuli huja kabla hatujasahau. Tabora mvua ni moja tu. Huanza karibu na Novemba na kukoma karibu na Aprili. Baada ya hapo miezi sita hupita na mbingu imefungwa. Majani hukauka, ardhi hupasuka mbugani, na mwisho wa kiangazi, Agosti hadi Oktoba, moto hutembea porini. Mwaka mzima hupata mvua ya milimita mia tisa na kitu, ambayo si mvua haba; lakini yote huja nusu ya mwaka, na nusu ya pili mti hujitegemea.

Katika nchi hiyo umesimama msitu wa miombo, na humo hupatikana mninga, ambao mbao zake mafundi seremala wote wanazijua. Msafiri anayefika Tabora mwezi Septemba hustaajabu. Hakuna tone la mvua tangu Aprili, hata hivyo msitu umechipua! Majani mapya yamejaa juu, mekundu kama shaba, baadaye hugeuka kijani. Miti mikubwa haingoji mvua. Joto la Septemba likipanda, hutumia maji iliyoweka katika mashina na yale ambayo mizizi yake mirefu huyachota chini sana. Mvua ya kwanza ikianguka, majani yako tayari kufanya kazi, na hakuna siku inayopotea.

Lakini hiyo ni ruhusa ya wakubwa. Mche hauwezi kuchipua kwa maji ya akiba ambayo haujayaweka. Mbegu za miombo huota mvua zinaposhika, na tangu siku hiyo mche una miezi mitano au sita tu kabla ya kiangazi chake cha kwanza. Je, hufanya nini na miezi hiyo?

Hapa ndipo penye somo. Ukiuona mche wa miombo wa msimu mmoja utaudharau. Una majani machache tu, na kimo chake pengine ni cha kiganja. Lakini chimba. Utakuta mzizi mkuu umeshuka chini mara nyingi kuliko shina lilivyopanda. Mche umetumia karibu mali yake yote kununua kina, na juu umeacha kidogo tu cha kuonyesha.

Na mninga umekwenda mbali zaidi. Mche wake hutoa shina katika mvua. Kiangazi kikija, shina lile hufa lote hadi ardhini. Mtu asiyejua hupita akasema mche umekufa. Haujafa. Chini ya ardhi mzizi umenenepa na umehifadhi chakula. Mvua ya pili hutoa shina jingine. Kiangazi au moto hulichukua nalo. Hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka, pengine hata miaka kumi na zaidi, mninga hutoa shina na kulipoteza, na kila mwaka mzizi huongezeka. Kisha ufikapo msimu ambao mzizi una nguvu ya kutosha, shina hupanda kwa kasi, hulignuka kila lililo karibu nalo, wala kiangazi hakiliwezi tena.

Wanachama wenzetu, tuyafikirie mambo haya kidogo. Mninga unakubali kupoteza shina ili usipoteze uhai. Umeyajua majira ya nchi yake, na umepanga maisha yake kwa hesabu hiyo.

Moto wa mapema na moto wa kuchelewa

Tusiuache msitu wa bara bila kusema habari ya moto, kwa kuwa moto nao ni suala la tarehe. Mwaka 1933 karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walitengwa viwanja vya miombo kwa majaribio. Vingine vilichomwa kila mwaka mapema, mwanzoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado na unyevu kidogo. Vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi, majani yakiwa makavu kabisa na miti imekwisha kuanza kuchipua. Vingine havikuchomwa.

Baada ya miaka mingi tofauti ilikuwa kubwa. Viwanja vya moto wa kuchelewa viligeuka polepole kuwa nyika ya majani yenye miti michache. Viwanja vya moto wa mapema vilibaki na msitu, na visivyochomwa vilizidi kusongamana miti. Nchi ni ile ile, miti ni ile ile, na kiberiti ni kile kile. Kilichotofautisha viwanja viwili vya kwanza ni mwezi. Moto wa mapema hupita chini na kuondoka. Moto wa kuchelewa ni mkali, tena huvikuta vichipukizi vipya vikiwa vimefunguka, sawasawa na jalidi ya Aprili inavyoukuta mzabibu wa Ufaransa. Baridi na moto ni vitu viwili vilivyo mbali sana, lakini mche huviona kuwa adui mmoja.

Miembe ya njia ya misafara

Sasa tuje kwenye mti tunaoufahamu. Kwihara, karibu na Tabora, ndiko walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Huko, na Ujiji, na katika vituo vya njia ile, iko miembe mikubwa, na Tabora yenyewe ni mji wa maembe. Mwembe si mti wa Unyamwezi. Uliletwa na watu kutoka pwani, nao pwani uliletwa kutoka Bara Hindi. Chini ya vivuli vyake walipumzika wapagazi wa Kinyamwezi wenye mizigo ya pembe, na tusifiche, walipumzika pia watu waliofungwa minyororo, ambao baadhi yao mwisho wa safari yao ulikuwa mashamba ya karafuu ya visiwa vyetu.

Mwembe haujui kazi ya mninga. Mche wake haufi ukafufuka kila mwaka. Mbegu yake nayo haiwezi kungoja: kokwa ikikauka imekufa. Basi uliwezaje kushika katika nchi yenye kiangazi cha miezi sita? Sababu moja kubwa ni tarehe. Maembe ya Tabora huiva karibu na kuanza kwa mvua. Kokwa iliyotupwa au kupandwa wakati huo ina msimu mzima wa mvua mbele yake, na kokwa yenyewe ni kubwa, ina chakula cha kutosha cha kushushia mzizi. Sababu ya pili ni watu. Mwembe uliota penye nyumba, penye kisima, penye mtu wa kumwaga maji ya kunawia na kuzuia mbuzi na moto. Pale hesabu ya mti ilipopungua, mkono wa mwanadamu uliijazia.

Na mkarafuu je?

Mkarafuu ni ndugu wa mwembe katika jambo hili, wala si ndugu wa mninga. Kwao asili ni visiwa vya Maluku, nchi ya unyevu. Mbegu yake iliyo ndani ya tunda bivu hupoteza uhai kwa siku chache ikiachwa ikauke. Mche wake hukua polepole, unapenda kivuli, na mizizi yake ya kwanza ni myembamba. Ukipoteza shina lake lote, kwa kawaida umeupoteza. Hauna benki chini ya ardhi.

Kwa hiyo lile ambalo mninga hujifanyia wenyewe kwa miaka kumi, mkarafuu hauna budi kufanyiwa na mwenye shamba. Na la kwanza ni kuchagua siku.

Mche ukipandwa masika yanaposhika, mwezi Machi au Aprili, una wiki nyingi za mvua, kisha hupata kipupwe, ambapo jua si kali na manyunyu hupita mara kwa mara. Ukifika kwenye joto la kaskazi la Januari na Februari, umekwisha kukaa ardhini karibu miezi tisa na umeonja vuli. Mche uliopandwa mwishoni mwa Mei, kwa sababu mwenyewe alikuwa na shughuli au miche ilichelewa kumfikia, umepokonywa wiki zile zile ambazo mzizi ungeshuka. Na mche uliopandwa mwishoni mwa vuli uko mashakani zaidi: haujajua ulipo, na kaskazi imefika. Huo ndio mzabibu wa Ufaransa, ila jalidi yake ni jua.

Lakini tarehe ya kalenda peke yake haitoshi, na siku hizi mvua hazishiki ahadi kama tulivyozoea. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba wingu moja ni masika. Mvua mbili za mwanzo wa Machi zikifuatwa na wiki mbili za jua zimewatia hasara watu wengi. Basi usiulize mbingu, uliza ardhi. Chimba kwa jembe hadi kina cha mkono kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Udongo wa chini ukishikana mkononi kwa unyevu, panda. Ukiwa juu mbichi na chini mkavu, ngoja. Haraka haraka haina baraka. Na ardhi ikisha kulowa, ngoja ngoja huumiza matumbo.

La pili ni kuutayarisha mche kabla ya siku hiyo. Mche uliotoka moja kwa moja kwenye kivuli kizito cha kitalu ni kama kichipukizi kilichofunguka mapema. Wiki kadhaa kabla ya kupanda, punguza makuti ya kivuli kidogo kidogo, na maji nayo kidogo kidogo, ili majani yakomae. Usichukue mche wenye majani mapya mekundu mateke siku ya kuupeleka shambani; ngoja yageuke kijani na kukaza.

La tatu ni mzizi. Tusichague mche kwa urefu wa shina, maana tumeona jinsi mche wa miombo unavyomfedhehesha mwenye kutazama juu tu. Mche uliokaa mno katika kiriba huwa mrefu na wa kupendeza, lakini mzizi wake umejizungusha chini kama kamba ya ndoo, na shambani utaendelea kujizungusha badala ya kushuka. Afadhali mche mfupi wenye mzizi ulionyooka. Ukiondoa kiriba, udongo usivunjike. Shimo liwe limechimbwa mapema, udongo wake umelegezwa, ili mzizi usigonge ukuta.

La nne ni kivuli na tandiko. Wazee wetu walipanda muhogo na migomba kati ya miche, nao hawakufanya hivyo kwa ajili ya chakula tu. Muhogo upande wa jua la mchana hufanya kazi ile ile inayofanywa na mti mkubwa juu ya mche wa Ulaya. Majani makavu yakitandikwa kuzunguka mche, bila kuligusa shina, huhifadhi unyevu wa masika hadi siku za kaskazi. Na ikibidi kumwagilia, mwagilia kwa kulowesha chini, mara chache, wala si kunyunyiza juu kila jioni. Maji ya juu huuita mzizi juu, na juu ndiko kwenye jua.

Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kujiandaa mapema: mashimo yawe tayari kabla ya mvua, miche iwe imezoeshwa, na siku ikifika mtu awe shambani. Tukumbuke hasara yenyewe ni kiasi gani. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane hivi. Tarehe 15 Aprili 1872, siku zile zile Livingstone alipokuwa Kwihara akingoja wapagazi, tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja, na watu wakaanza upya, wakangoja miaka. Tufani ile hatukuwa na la kuifanya. Lakini mche unaokauka Februari kwa sababu ulipandwa wakati usio wake, huo tumeuangusha wenyewe, na kila mmoja ni mwaka mzima uliotolewa katika umri wa mpandaji. Kijana aweza kuukopa mwaka huo. Mzee hawezi.

Basi masika yakikaribia, kila mwanachama atembee shambani mwake na jembe mkononi, achimbe, ashike udongo, kisha aamue. Mninga wa Tabora hauna mtu wa kuuhesabia siku, ndiyo maana umejifunza kufa na kuchipua. Mkarafuu una mtu, na mtu huyo ni wewe.

Twawatakia masika mema na miche yenye kushika.